Mbawakawa wa Majani ya Kunde: Mtafute Ardhini Kabla ya Mvua

Kunde zikishachipua na kufungua majani ya kwanza, mkulima wa Nyarugusu, mkoani Geita, anaweza kuamka asubuhi moja akakuta shamba limetobolewa kama chekecheo. Juzi yalikuwa majani mazima. Watu husema wadudu wameletwa na mvua, na ukiangalia jinsi walivyojitokeza kwa ghafla, huwezi kuwalaumu. Lakini mvua haikuwaleta, iliwaamsha. Walikuwa ndani ya udongo wa shamba hilo hilo tangu msimu uliopita, wamejifungia, hawali wala hawatembei, wakisubiri unyevu.

Ukishalijua hilo, kalenda yako yote ya kupambana nao inageuka. Kazi kubwa haiko Novemba, wakati bomba la dawa liko mgongoni na majani yameshaliwa. Iko Mei na Juni, kunde zikiwa zimevunwa na shamba liko tupu, na watu wengi wameshalipa kisogo.

Mdudu ninayemzungumzia ni mbawakawa mdogo wa jenasi ambayo wanasayansi huiita Ootheca. Hapa Tanzania wawili ndio wanaotajwa zaidi. Wa kwanza ni Ootheca bennigseni, ambaye amechunguzwa sana kwenye maharage ya Arusha, Kilimanjaro na Morogoro. Wa pili ni Ootheca mutabilis, aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Magharibi, na ambaye kunde ndicho chakula chake kikuu. Kwa macho hawatofautiani sana. Rangi zao hubadilika hata ndani ya spishi moja, na mtaalamu hulazimika kumpasua mdudu tumboni na kuangalia viungo vya uzazi kwa darubini ndipo aseme huyu ni nani. Wewe huhitaji kufika huko. Tabia zao zinafanana vya kutosha kwa mwongozo mmoja.

Ukanda huu wa Geita na Shinyanga haukuwahi kukosa wataalamu wa wadudu. Katika miaka ya 1930 makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika nzima yalikuwa Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki mwaka 1936 na kufariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kituo cha Ukiriguru, upande wa Misungwi, kikajijengea jina kwa mbegu za pamba. Mbung'o aliua ng'ombe, na pamba ilikuwa na soko la nje. Kunde ilihesabiwa kuwa mboga ya mama nyumbani, na mdudu wake akaachiwa mama huyo huyo. Kwa hiyo mengi ninayokueleza yametokana na kazi iliyofanywa na wakulima na watafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na wa Morogoro. Nimeyapanga upya kwa mvua na udongo wa Geita na Shinyanga, na pale ambapo ushauri ni wangu nitasema ni wangu.

Kwa nini ujisumbue? Kwa Wasukuma kunde haihesabiwi kwa punje peke yake. Majani ni mboga mabichi wakati wa mvua, na yakikaushwa huwa nsansa, akiba ya kulia ugali miezi ya ukame. Jani lililobaki mishipa mitupu ni mboga ambayo mwingine ameshaila. Na kwa upande wa punje, jaribio la maharage lililofanywa Morogoro na watafiti Karel na Rweyemamu, likachapishwa mwaka 1984, lilionyesha mavuno yakishuka kati ya asilimia 18 na 31 kwa sababu ya mbawakawa huyu.

Mtambue kwanza

Mkubwa ana urefu wa milimita 6 hivi, mviringo wa yai, anang'aa. Wengi wana rangi ya kahawia hafifu au ya chungwa, na wengine mabawa yao ya juu, yale magumu, ni meusi au ya kahawia iliyokolea. Hula katikati ya mishipa ya jani na kuacha matundu madogo ya duara yasiyo na mpangilio. Wakiwa wengi, matundu huungana mpaka jani linabaki kama wavu.

Usimchanganye na wengine. Kwenye bamia na pamba kuna mbawakawa wadogo zaidi wanaoruka kama viroboto ukiwagusa, nao pia hutoboa majani. Ni wa ukoo wake, lakini kunde siyo shida yao. Kwenye maua ya kunde utaona mbawakawa wakubwa, warefu, weusi wenye mikanda ya njano au nyekundu. Hao hula maua, na maji yao yakikugusa ngozi hutoka malengelenge, kwa hiyo usiwashike kwa mkono mtupu. Halafu kuna wale wa mviringo kabisa, wekundu wenye madoa meusi, ambao huwala vidukari. Hao ni rafiki zako na ukiwaua umejikata mkono mwenyewe.

Maisha yake chini ya ardhi

Sehemu hii isome polepole, kwa sababu kila hatua utakayochukua baadaye inatoka hapa.

Mvua za kwanza zikilowesha udongo, mbawakawa wakubwa hutoboa juu na kutafuta majani machanga ya jamii ya kunde. Hula kwa bidii, hupandana, kisha majike huteremka kutaga. Mayai hutagwa ndani ya udongo karibu na shina, kwa mafungu ya mayai kama 60. Ni ya njano hafifu, yanapenyeza mwanga, na si rahisi kuyaona usipoyatafuta. Jike mmoja anaweza kutaga kati ya mayai 200 na 500 maishani mwake. Fikiria mbawakawa ishirini unaowaona kwenye mistari miwili ya kunde na ufanye hesabu mwenyewe.

Mayai yakianguliwa hutoka funza weupe, wadogo. Hawapandi juu kamwe. Chakula chao ni mizizi: ile myembamba inayonyonya maji, na vile vinundu ambavyo kunde hutumia kujitengenezea mbolea ya naitrojeni kutoka hewani. Funza hujivua ngozi na kukua kwa hatua tatu, kisha kila mmoja hujitengenezea kijichumba cha udongo na kujigeuza humo. Anayetokana na mgeuko huo ni mbawakawa kamili, mwenye mabawa na meno, lakini hatoki nje. Hukaa mle mle kijichumbani, mwili umepunguza kasi, kiangazi chote, mpaka mvua nyingine. Kaskazini mwa Tanzania, ambako amefuatiliwa kwa karibu, hutoa kizazi kimoja tu kwa mwaka.

Kizazi kimoja kwa mwaka ni habari njema sana. Maana yake ni kwamba ukimpunguza mwaka huu, hana msimu wa pili wa kujaza pengo haraka. Na miezi mingi ya maisha yake anaipitisha mahali pamoja, bila kukimbia, ndani ya shamba ambalo unajua mipaka yake.

Ukame au funza?

Madhara ya majani huonekana na kila mtu. Madhara ya mizizi hudanganya. Kunde zilizoliwa mizizi huwa fupi, majani yake hugeuka njano mapema, hunyauka saa sita mchana hata kama mvua ilinyesha siku mbili zilizopita, na maganda huwa machache. Kwa nchi yetu hii yenye mvua za kubahatisha, mtu akiona hivyo husema jua limezidi, na mambo yanaishia hapo. Mwaka unaofuata anapanda kunde pale pale.

Kwa hiyo chimba. Chagua mche mmoja ulionyong'onyea na mmoja wenye afya. Ukate udongo kwa jembe kuuzunguka mche kwa upana wa shubiri moja kila upande, uingie chini kiasi hicho hicho, uinue na bonge lake lote. Usiung'oe kwa kuvuta, mizizi itakatika na ushahidi utabaki ardhini. Weka bonge juu ya gunia au turubai jeupe, ulivunje taratibu kwa vidole, uangalie funza weupe, vijichumba vya udongo, au mbawakawa wenyewe. Kisha osha mizizi kwenye ndoo. Mizizi yenye afya ina nyuzi nyingi na vinundu vilivyojaa. Ukikipasua kinundu kimoja ndani kina rangi ya waridi. Mizizi iliyoliwa ina makovu, nyuzi chache, na vinundu vilivyobaki maganda. Kama mizizi ni mizima na udongo umekauka, basi kweli ni jua.

Rudia hivi sehemu nne au tano za shamba, kwa sababu hawasambai sawasawa. Pembe iliyokuwa na kunde nyingi mwaka jana mara nyingi ndiyo iliyojaa. Chora ramani ya shamba kwenye daftari na utie alama, utaihitaji kiangazi.

Kuna dalili moja zaidi ya kuangalia ukiwa shambani. Mbawakawa huyu huweza kuhamisha virusi vya batobato ya kunde kutoka mche mmoja hadi mwingine anapotafuna. Mche wenye majani ya mabaka ya njano na kijani, yaliyokunjamana na kudumaa, ung'oe mapema na uutoe shambani. Hakuna dawa ya kuuponya.

Kazi ya kiangazi

Hapa ndipo Nyarugusu inapokuwa na ugumu wake. Mvua zikikata mwezi Mei, vijana huelekea kwenye maduara ya dhahabu, wengine kwenye karasha za kusaga mawe na mialo ya kuoshea mchanga, kwa sababu fedha ya dhahabu huonekana wiki ile ile. Shamba lililovunwa hubaki na mabua na ng'ombe. Na hicho ndicho kipindi ambacho mbawakawa amelala ndani ya udongo. Ukiweza kumzuia mtu mmoja mwenye nguvu na jozi moja ya maksai kwa siku chache kabla hajakimbilia shimoni, umefanya nusu ya kazi ya mwaka ujao.

Lima mara tu baada ya kuvuna, udongo ukiwa bado na unyevu kidogo. Lengo ni kugeuza tabaka la udongo lenye mizizi ili vijichumba vivunjike na mbawakawa pamoja na wale ambao hawajakomaa wabaki juu, kwenye jua kali. Wengi hukauka. Wengine huliwa: yangeyange hufuata plau hatua kwa hatua, na kuku ukiwaachia asubuhi hiyo watakusaidia kuliko dawa yoyote. Usisawazishe udongo. Acha mabonge yapigwe na jua wiki kadhaa.

Udongo unaamua namna. Kwenye luseni, ule mchanga wa miinuko ambako kunde nyingi hupandwa, plau huingia hata Juni, kwa hiyo una nafasi. Kwenye itogolo, udongo unaoshikamana na kuwa mgumu, ukichelewa wiki mbili baada ya mvua ya mwisho hutapenya tena. Mbuga nyeusi hupasuka nyufa zenyewe, lakini si pa kutegemea nyufa. Kama huna maksai, tumia ile ramani ya daftari: lima kwa jembe la mkono zile pembe ulizokuta funza wengi, uziache nyingine. Ni afadhali kulima robo ya shamba ipasavyo kuliko kuparua lote juu juu.

Kuchoma mabua hakutakusaidia. Moto hupita juu, mdudu yuko chini, na wewe umebaki na udongo ulio uchi mbele ya upepo wa Agosti. Mkoa wa Shinyanga umetumia miaka mingi kurudisha miti na majani kwa ngitili, yaani malisho yanayofungwa yapumzike, na kwa mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986. Tusiurudishe nyuma kwa kiberiti.

Panda mahali pengine, panda kwa wakati mwingine

Mbawakawa akitoka ardhini na kukuta mahindi, mtama, alizeti, pamba au muhogo, hana cha kula wala mahali pa kutagia penye faida, kwa kuwa funza wake wanahitaji mizizi ya mikunde. Kwa hiyo shamba lililokuwa na kunde, maharage au choroko mwaka huu lipewe nafaka au muhogo mwaka ujao, na kunde zihamie mbali kadiri ya nafasi uliyonayo. Kubadilisha kunde kwa maharage si kubadilisha, huyo amebadilishiwa sahani tu.

Tatizo ni kwamba ana mabawa. Ukihamisha kunde zako mita hamsini hadi kwenye mpaka wa jirani ambaye naye alipanda kunde mwaka jana, umempelekea chakula. Ndiyo sababu jambo hili huenda vizuri likifanywa na kaya kadhaa zinazopakana. Wilayani Hai, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikundi vya wakulima vilifanya majaribio pamoja na watafiti wa kituo cha Selian cha Arusha na wale wa kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, CIAT. Walichimba pamoja, wakamwona mdudu katika kila hatua, kisha wakapanga pamoja. Nyarugusu ina vikundi vingi vya kuweka na kukopa, vya akina mama hasa. Kikundi kama hicho kina watu, kina siku ya kukutana, na kina uaminifu. Sioni kwa nini ajenda moja ya mwezi Septemba isiwe kupanga nani atapanda kunde wapi.

Kuhusu wakati, ushauri unaotolewa kaskazini ni kuchelewesha kupanda, ili mbawakawa watoke, wakose majani, wapungue. Kwetu ushauri huo una makali pande mbili. Mvua hapa huanza Oktoba au Novemba, hulegea karibu na Januari na Februari, hurudi Machi na kukata Mei. Ukichelewesha mahindi, njaa inakungoja. Lakini kunde hukomaa upesi, na kaya nyingi zinaweza kuzipanda kwa awamu ya pili, Februari au mwanzoni mwa Machi, baada ya wimbi kubwa la mbawakawa kupita. Ninavyoona mimi, hiyo ndiyo nafasi yetu: kunde chache mwanzoni kwa ajili ya mboga ya karibu na nyumba, na kunde za punje na za nsansa awamu ya pili.

Hizo chache za mwanzoni zina kazi nyingine. Mistari miwili au mitatu ya kunde iliyopandwa mapema pembeni mwa shamba la zamani itawavuta wale wanaotoka ardhini. Watakusanyika hapo wakiwa na njaa. Ukiacha hapo umewafuga, kwa hiyo mistari hiyo lazima ishughulikiwe kila siku, kwa njia ninayoieleza sasa.

Ndoo, sabuni na asubuhi na mapema

Wadudu hawa huwa wazito kukiwa na baridi ya alfajiri. Nenda kabla jua halijapanda, ukiwa na beseni pana lenye maji ya sabuni kina cha vidole vitatu. Lishike chini ya mche, uutikise. Watakaoanguka ndani hawatatoka. Ukichelewa mpaka saa tatu wanaruka kabla hujawafikia. Watoto wanaweza kuifanya kazi hii kabla ya shule kwa shamba dogo la mboga. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili au tatu za mwanzo wa mche, wakati majani ni machache na kila tundu lina gharama. Mche ukishatanda, unaweza kuvumilia matundu kadhaa bila kupoteza mavuno ya kukutia hofu. Jike unayemkamata kabla hajataga ni mayai mamia ambayo hayatakuwapo mwakani, na hilo likutie moyo mikono ikichoka.

Dawa za mimea

Mwarobaini umejaa Shinyanga, na utupa hupandwa kwenye mipaka ya mashamba sehemu nyingi. Vyote viwili hufanya kazi vikitengenezwa sawasawa.

Kwa mwarobaini tumia mbegu, zina nguvu kuliko majani. Kusanya matunda yaliyoiva, toa nyama, anika mbegu kivulini, ziweke kavu. Siku ya kutumia, menya na utwange kiini. Gramu 50 za unga kwa lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa safi, tia sabuni kidogo ili ishike kwenye jani. Pulizia jioni, kwa sababu jua huivunja nguvu haraka. Rudia kila baada ya siku saba au baada ya mvua kubwa. Usitegemee kuona maiti kesho yake. Mwarobaini hupunguza hamu ya kula na huvuruga ukuaji; utaona matundu mapya yakipungua.

Kwa utupa, watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao walichapisha mwaka 2015 majaribio waliyofanya Kilimanjaro kwenye maharage. Walitumia unga wa majani makavu, kilo 1 kwa lita 10 za maji pamoja na gramu 10 za sabuni, ukilowekwa siku nzima kisha kuchujwa. Walijaribu pia mtukutu na alizeti pori kwa kipimo hicho hicho. Wadudu waharibifu walipungua, mavuno yakapanda, na buibui na wadudu marafiki walisalimika kuliko kwenye mashamba yaliyopuliziwa dawa ya viwandani. Faida kwa mkulima ikawa nzuri pia, kwa vile majani hayanunuliwi.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa miche hawalisemi. Utupa uko wa aina mbili kikemia ingawa mimea inafanana. Aina moja ina sumu inayoua wadudu, nyingine haina. Kabla ya kupulizia shamba zima, weka mbawakawa kumi kwenye chupa yenye jani la kunde lililochovywa kwenye dawa yako, na kumi wengine kwenye chupa yenye jani lililochovywa kwenye maji matupu. Funika kwa kitambaa, angalia baada ya siku mbili. Kama hali ni moja kwa chupa zote mbili, tafuta mbegu za utupa kwingine. Na utupa ni sumu ya samaki, wavuvi wanaijua tangu zamani. Usioshe vyombo vyake kwenye bwawa, kisima wala mto.

Dawa za dukani na mboga ya mezani

Nitasema bila kuzunguka. Dawa ya pamba isiguse kunde za mboga. Najua ilivyo: kichupa kilibaki, mdudu yupo, na hela ya kwenda duka la pembejeo haipo. Lakini kila dawa imepimwa kwa zao lake, na pamba hailiwi jani. Kunde huchumwa leo, keshokutwa huchumwa tena, kwa hiyo mwanya wa sumu kuisha haupo. Kuanika nsansa juani hakuondoi sumu kwa uhakika, na kuchemsha vivyo hivyo. Watakaokula ni watoto.

Kama hali ni mbaya na umeamua kununua, nunua dukani penye kibali, chupa iliyofungwa na yenye lebo, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Tafuta mambo mawili kwenye lebo. La kwanza ni kama zao lako limetajwa. La pili ni siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha hayo mawili, toka. Angalia pia utepe wa rangi chini ya lebo: mwekundu ni hatari zaidi, kisha njano, bluu na kijani. Tenga mistari ya mboga isiyopuliziwa kabisa, uweke alama kwa kijiti chenye kitambaa, na kila mtu nyumbani ajue mpaka uko wapi. Usipulizie wakati wa maua, nyuki wakiwa kazini. Chupa tupu itoboe, isiwe ya maji wala ya mafuta ya taa.

Kwa wakazi wa karibu na mialo kuna tahadhari ya pili. Usipande mboga juu ya marudio, yale mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, wala kando ya mashimo ya kuoshea dhahabu, na usichote maji yake ya kuchanganyia dawa au kumwagilia. Zebaki haina harufu, huwezi kuiona kwenye jani, na mvuke wake pale inapochomwa hushuka kwenye kila kilicho karibu. Bustani ya mboga iwe upande wa juu wa mteremko, mbali na mahali pa kuchomea.

Chupa moja kwa ajili ya wataalamu

Ramani za mdudu huyu zina mapengo makubwa katika ukanda wetu, na wewe unaweza kuziba pengo moja. Kusanya mbawakawa kumi au ishirini kutoka shamba moja, wa rangi zote unazoziona. Watie kwenye kichupa cha dawa ya binadamu kilichooshwa, chenye spiriti ya duka la dawa. Ukipata funza na vijichumba, waweke kwenye kichupa chao peke yao. Piga picha mche uliotobolewa na mizizi yake.

Ndani ya kichupa tumbukiza kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti na kielelezo kisicho na maandishi hakina kazi. Andika kijiji, kata na wilaya, tarehe, jina la zao, umri wa mche kwa wiki, aina ya udongo, na jina lako. Mpe afisa ugani wa kata, au kipeleke mwenyewe TARI Ukiriguru ukipata safari ya Mwanza. Ongeza mstari mmoja wa mwisho: shamba hilo lilikuwa na zao gani msimu uliotangulia, na lililimwa baada ya kuvuna au halikulimwa.